Pasi ya nyuma nayo ni pasi, ihesabuni

Jamani, hili nimelivumilia vya kutosha. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alimaliza Ligi Kuu na mabao 17, Fiston Mayele wa Yanga akabaki na 16. Timu iliyopanda daraja mwaka 2021 ikatoa mfungaji bora, ikashika nafasi ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Hayo anayajua hata muuza maji wa stendi ya Geita. Sasa nitajieni waliompa Mpole zile pasi. Nani, na kila mmoja ngapi?

Kimya, si ndiyo?

Au turudi Septemba 2018, Yanga 4, Stand United 3. Mabao yote matatu ya Chama la Wana alifunga Alex Kitenge, tena Dar es Salaam. Kitenge tunamkumbuka mpaka leo. Waliomtengenezea wamepotea kama vumbi la barabara ya Kahama.

Bao lina mwenyewe kwa sababu linaandikwa kwenye ripoti ya mchezo. Pasi ya bao haina mwenyewe. Sheria zote 17 za soka haziitaji hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo anaihesabu yeyote mwenye kalamu, yaani sisi waandishi, na kila mmoja ana dini yake. Kaa nasi jukwaani Kambarage siku moja. Bao limeingia, hakuna televisheni ya kurudia tukio, tunaulizana, "Katoa nani?" Mmoja anasema namba saba. Mwingine anasema mpira ulimgonga beki kwanza, haihesabiki. Wa tatu, na huyu ndiye anayenikera kuliko wote, anasema namba saba katoa kweli ila ilikuwa pasi ya nyuma: "Kamrudishia tu, kazi kafanya mfungaji." Kesho yake magazeti matatu, hesabu tatu.

Waangalieni Wamarekani na ule mpira wao wa kukumbatia na kofia ngumu. Kwao mpira ukirushwa mbele ni pasi. Ukirushwa nyuma, au hata pembeni sambamba, kwenye takwimu si pasi tena: aliyepokea anaandikiwa yadi za kukimbia, na ukianguka chini mpira bado uko hai, mwenye mbio auchukue. Desemba 2018 Miami Dolphins waliifunga New England Patriots 34-33 kwa tukio la mwisho kabisa. Ryan Tannehill alimrushia Kenny Stills mbele, Stills akamrushia DeVante Parker, Parker akampa Kenyan Drake (ndilo jina lake, sijatunga), Drake akakimbia mpaka mwisho. Vurugu tupu! Lakini makarani hawakubabaika. Tannehill kaandikiwa pasi ya alama, yadi 69. Stills kaandikiwa kudaka. Drake kapewa alama na yadi alizokimbia, ila kudaka hakuandikiwa, kwa sababu mpira ulimfikia kwa mkono wa mwenzake na si kwa pasi ya mbele. Unaweza kuipinga kanuni hiyo. Mimi naiona ngumu kwa Drake. Lakini ipo, imeandikwa, na karani wa Miami na wa Boston wanatoa jibu moja.

Wenzetu wana kanuni ya pasi ya nyuma, sisi hata ya mbele hatuna.

Na kwenye soka pasi ya nyuma si ya huruma. Winga akifika mstari wa goli akaurudisha mpira nyuma, anayeupokea hawezi kuwa ameotea maana yuko nyuma ya mpira, na mabeki wote wanakimbia wakiangalia goli lao. Pale ndipo bao linapopikwa. Kumnyima huyo winga namba eti kwa kuwa mpira ulikwenda upande usiokupendeza ni wizi.

Najua mtaniambia viwanja ni vibovu, mishahara inachelewa, takwimu za nini? Nawajibu: kalamu haihitaji mfadhili. Winga wa Mwadui, timu iliyoshuka 2021, hana video nzuri wala wakala wa kumpigia debe. Akienda kuomba mkataba ana namba zake tu. Geita hapo hapo soko la dhahabu lilifunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo anapimiwa kwa mzani, gramu kwa gramu, na ukimkadiria kwa macho hakuelewi. Kwa nini mchezaji wa mji huo huo akadiriwe kwa macho?

Bodi ya Ligi itoe ukurasa mmoja, ubandikwe kila jukwaa la waandishi, wa Championship wakiwemo. Pendekezo langu hili hapa. Mguso wa mwisho wa mwenzake kabla ya mfungaji ni pasi ya bao, mbele, nyuma au pembeni, hata kama mfungaji kapiga chenga watu wanne baadaye. Beki akiubadilishia mpira njia, hakuna pasi. Mpira uliotemwa na kipa, hakuna pasi. Aliyesababisha penalti mwandikieni safu yake peke yake. Ule mchezo wa Fantasy mnaocheza ofisini unampa pasi ya bao, na ndiyo maana namba zenu za Jumatatu hazilingani na za wachambuzi. Mwenye kanuni bora kuliko hii ailete, mradi iwe kwenye karatasi kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu.