Binti Apande Gari la Ndizi

Kuna kauli inayorudiwa katika vikao vya harusi, kuanzia Bukoba mjini kupitia Kanazi hadi Muleba, nayo imenichosha: binti yetu hawezi kutoka nyumbani kwa gari la kubebea ndizi. Husemwa kama hukumu isiyokatiwa rufaa, na papo hapo katibu wa kamati huandika mstari mpya kwenye bajeti: gari la maharusi, pamoja na dereva, mafuta na mapambo. Wajumbe wanaweza kubishana jioni nzima juu ya kreti za soda na idadi ya mbuzi, lakini mstari wa gari hupita bila neno, kwa kuwa atakayeupinga ataonekana hamtakii binti mema. Nami naupinga. Imani kwamba Benzi au Land Cruiser ya kukodi ndiyo inayompa bibi harusi heshima ni imani ya uongo, inaumiza wasio na uwezo, na inawatukana wazazi wale wale inaodai kuwatukuza.

Tuanze na hilo gari la ndizi linalodharauliwa. Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zimesimama ndani ya kibanja: migomba inayotia kivuli, mibuni chini yake, maharage katikati. Pikapu inayopeleka mikungu sokoni na magunia ya kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi ndiyo iliyolipa ada, sare na nauli ya shule. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani Kagera mwaka 2006, ukianzia Muleba, familia zilikata na kufukia migomba yao wenyewe na kuanza upya, na watoto wakaendelea kusoma. Binti aliyefika chuo amefikishwa na kazi hiyo. Sasa siku ambayo ukoo wote umekusanyika kuwashukuru baba na mama yake, ndiyo siku wanayoambiwa kwamba chombo cha kazi yao ni aibu na kifichwe nyuma ya nyumba wageni wasikione. Mahali pake linaletwa gari ambalo mwenye nalo hamjui binti kwa jina. Jumamosi iliyopita lilimbeba bibi harusi mwingine kwa riboni za rangi nyingine, na Jumamosi ijayo litambeba wa tatu. Uwanja mzima unalijua hilo. Kabla maharusi hawajashuka, watu wameshaulizana gari ni la nani na limekodiwa kwa shilingi ngapi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii hata kuazimwa haikuazimwa, imelipiwa kwa siku. Heshima ambayo kila mtu anajua imekodiwa inamheshimu mwenye gari peke yake.

Huyo mwenye gari ndiye pia anayeondoka na fedha. Katika bajeti ya harusi ya kijijini, karibu kila mstari unaacha kitu kijijini. Ndizi zimenunuliwa kwa jirani, mbuzi kwa jirani mwingine, rubisi imetengenezwa na mtu anayejulikana, akina mama wa jikoni wamelipwa, mshonaji amelipwa, vijana wa matarumbeta wamelipwa. Hata anayeona sherehe zetu zimekuwa kubwa kupita kiasi, nami ni mmoja wao, anaweza kukubali kwamba fedha hizo zimezunguka na kurudi kwenye vyungu vya watu wa hapo hapo. Fedha ya gari haizunguki. Inamwendea mwenye gari mjini Bukoba au ng'ambo ya ziwa Mwanza, na sehemu nyingine inaishia kituo cha mafuta. Jioni dereva anageuza gari na kila kitu kimeondoka naye.

Na fedha hiyo haikuwa ya bwana harusi. Harusi zetu zinaendeshwa kwa michango, na mchango ni deni: leo unanichangia, kesho nitakuchangia, na asiyechanga atakumbukwa siku yake ya shida. Mjane anayeishi kwa mibuni michache anapelekewa kadi yenye kiwango kilichokwisha kupangwa. Hakuulizwa kama anataka Benzi. Akilipa, amekodi gari ambalo hatalipanda. Asipolipa, atasemwa. Wala familia ya bwana harusi haisalimiki, maana kikao kikishaahidi gari, michango inapopungua wanaoziba pengo ni wao. Kwa mkulima wa kahawa Kagera, njia ya haraka ya kuziba pengo inajulikana, nayo ni butura: kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka, viongozi wameikemea majukwaani, vyama vya ushirika vimeilalamikia, na bado ipo, kwa sababu shida ya fedha haingoji msimu. Ugonjwa na ada ya shule ni shida ambazo mtu hawezi kuziepuka. Lakini mkulima kuingia kwenye butura kwa ajili ya kiti cha nyuma cha gari la mtu, hilo ni jeraha ambalo jamii inamtia kwa mikono yake, kisha inampigia vigelegele.

Wapo wanaojibu kwamba Wahaya ni watu wa fahari tangu enzi za bakama, watawala wetu wa jadi, na kwamba kumnyima binti gari zuri ni kukana asili. Kanazi ni mahali pabaya pa kuleta hoja hiyo, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jumba la Mukama Kahigi wa Kihanja, aliyeshikamana na Wajerumani na kupanua himaya yake kwa msaada wao. Fahari ya mabwana wa zama zile ilikuwa na mlipaji. Chini ya mfumo wa ardhi wa nyarubanja, mukama aliweza kumpa mtu wake wa karibu ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake, na kuanzia hapo wakulima hao wakawa watwana kwenye vibanja vyao wenyewe, wakitoa sehemu ya mazao, pombe na nguvu zao ili bwana aonekane bwana. Wazee wa Buhaya walipigana na jambo hilo kwa miaka mingi. Madaraka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na sheria za miaka ya 1960 zikaung'oa mfumo huo wa nyarubanja. Anayetaja bakama kutetea gari la kukodi anakumbuka jumba na kusahau waliolisha jumba. Kama kuna kitu cha zamani kinachofanana na mjane kulipia fahari ya siku ya mtu mwingine, ni hicho tulichokikataa. Kizazi cha uhuru kiliwaita viongozi wapenda anasa Wabenzi, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likawawekea viongozi miiko. Leo anasa iliyokuwa aibu kwa waziri imekuwa sharti kwa mkulima.

Jibu jingine ni kwamba siku hii ni moja tu maishani. Ni kweli, na ndiyo sababu inafaa kuuliza siku hiyo inatengenezwa na nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili, taarifa ya siku ishirini na moja, mfungishaji ndoa na mashahidi wawili. Inasema hata mahari yasipolipwa, ndoa haibatiliki. Kanisa Katoliki linataka kiapo cha wawili mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Dini na dola zimekaa zikapima ni nini kinachoifanya ndoa kuwa ndoa, na wala hazikufikiria usafiri. Kama siku ni moja tu, mwacheni binti aifikie akiwa na watu wake. Gari la kukodi huwatenga maharusi na wapambe wao nyuma ya vioo vyeusi, wakati mama aliyemzaa anafuata nyuma kwenye Hiace iliyojaa. Kisha wanafika njia panda ya kuingia kijijini wakati wa masika, dereva anaitazama njia ya udongo na kukataa kuendelea, kwa sababu mwenye gari amemwonya kuhusu sehemu ya chini ya gari. Gari la ndizi linaijua njia hiyo, kiangazi na masika.

Sitaipa nafasi kubwa hoja ya kwamba dereva wa gari la kukodi anapata riziki. Dereva wa Noah ya kijijini naye ana watoto, na akipewa kazi hiyo fedha itabaki jirani. Ila kwa kuwa tumetaja madereva, misafara yenyewe ni hatari. Barabara ya lami ya Bukoba–Muleba hugeuzwa uwanja wa maonyesho: magari sambamba, honi mfululizo, taa za dharura zikiwaka, mpiga video ameketi kwenye buti lililo wazi la gari la mbele, vijana wa bodaboda wakipita kulia na kushoto kutafuta picha. Watu wenye wagonjwa wanangoja nyuma. Mizaha hiyo haimwongezei bibi harusi chochote, na siku moja itamgharimu mtu uhai.

Kwingine wamejaribu kuzuia fahari ya namna hii kwa amri: Tajikistan ilitunga sheria mwaka 2007 kudhibiti gharama za sherehe, ikaweka kikomo cha wageni wa harusi na hata cha magari ya msafara, baada ya kuona familia zikizama kwenye madeni ili zisisemwe. Sitaki polisi wahesabu magari Kanazi. Jambo lililowekwa na vikao linaweza kuondolewa na vikao, na wa kuanza ni wale wanaoweza kulipa bila kuuza kahawa yoyote: wafanyakazi na wafanyabiashara wanaotoka Dar es Salaam na Mwanza kuja kuoa nyumbani mwezi Desemba. Wao ndio wanaopandisha kipimo. Gari wanalolilipia bila kuumia linakuwa deni la kijana wa jirani atakayeoa baada ya Pasaka.

Na kamati ikishindwa kuufuta mstari huo, basi mweka hazina autenge. Chakula, vinywaji na viti viwe mfuko mmoja, ambao kila jirani anauchangia. Gari liwe na bahasha yake, isiyo na kiwango wala kadi, na anayelitaka aingize fedha yake humo kwa hiari. Bahasha hiyo ifunguliwe mbele ya kikao wiki mbili kabla ya harusi, na gari likodiwe kwa kilichopatikana humo tu, bila kugusa mfuko wa chakula. Hapo tutajua ni wangapi wanaoamini kweli kwamba gari ni heshima ya binti, na ni wangapi waliolipa kwa kuogopa kusemwa.