Tairi la mbio si mtaji wa Ntalikwa

TABORA: Mvua za Unyamwezi, ambazo kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili, ndizo zinazopima akili ya mwenye gari. Mfanyabiashara wa Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, anayepeleka mpunga au asali mjini aweza kukutana na mchanga, tope na lami katika safari moja. Kwake tairi ni mtaji, tena mtaji unaobeba roho za watu.

Wapo wapenda magari wanaovutiwa na matairi ya semisliki, yaani yenye mifereji michache na mpira laini. Huko Ulaya na Japani, mwenye gari la starehe huyatumia kwenda uwanja wa mbio, akazunguka mizunguko yake, kisha akarudi nayo nyumbani bila kuvunja sheria. Kwenye lami kavu iliyopata joto, mshiko wake hauna mfano.

Lakini mshiko huo una bei yake. Tairi la Toyo R888R limepigwa chapa ya uimara 100, wakati matairi mengi ya kawaida yana 300 na zaidi. Namba hizo hutolewa na watengenezaji wenyewe, hivyo si mizani kamili baina ya kampuni na kampuni. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: linaloshika sana huisha upesi. Kwenye maji yaliyotuama mifereji michache haitoshi kuyasukuma pembeni, na gari huelea. Kwenye tope ndiyo kabisa, halina meno.

Hapo ndipo hutokea hoja ya hatari vijiweni, kwamba tairi kipara nalo ni "la mbio". Kwenye lami kavu hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana hudanganya. Semisliki hushika kwa sababu mpira wake ni mpya na laini. Kipara ni mpira uliochakaa, mara nyingi umekwisha kukakamaa, na umebaki mwembamba mbele ya kila jiwe na msumari.

Matairi ya kashata nayo si dawa ya kila ugonjwa. Yanafaa topeni, ila kwenye lami hupiga kelele na breki zake ni hafifu kuliko za tairi la kawaida. Anayeshinda kwenye lami ya Tabora–Nzega achague tairi la kawaida lenye mifereji mirefu. Anayeshinda vijijini achague la mchanganyiko.

Hesabu ifanywe kwa kilometa, si kwa bei ya dukani. Tuseme tairi jipya ni Sh 200,000 na linakwenda kilometa 40,000: hiyo ni Sh 5 kwa kilometa. La mtumba la Sh 100,000 likiisha kwa kilometa 10,000, ni Sh 10. Aliyedhani ameokoa nusu amelipa mara mbili.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, mfano 1419, maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka kumi liachwe hata kama linang'aa. Vinundu vilivyomo ndani ya mifereji vikisawazika na mpira, kina kimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Namba ya uzito nayo isipuuzwe: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Misafara ya zamani iliyopita Tabora kwenda Ujiji ilimpa mpagazi mzigo wa kilo 30 hivi, kwa kuwa mkuu wa msafara alijua kwamba mpagazi akianguka, mali imeanguka. Tairi halina tofauti.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama, na kile cha Sameer cha Nairobi kikafungwa mwaka 2016. Matairi mengi sasa hutoka nje, na shilingi ikishuka bei hupanda. Mwenye fedha leo anunue kabla ya Novemba, tena anunue jozi kamili kwa ekseli moja. Mwenye fedha ya tairi moja tu apunguze mzigo mpaka apate ya pili.