Mama Yetu Alikuwa Mfanyakazi



Katika mazishi tunayohudhuria twasikia sifa za namna moja. Akifa fundi, husemwa ufundi wake na miaka aliyotumika. Akifa dereva wa treni, wazee wa kazi husimama wakaeleza njia zote alizopita na gari lake. Lakini akifa mama aliyekuwa nesi, husemwa kwamba alikuwa na moyo wa huruma na alikuwa mama wa wote, kisha watu huimba na jeneza hushushwa. Ndivyo ilivyokuwa tulipomzika mama yetu mwaka 2022. Wasemaji walikuwa 9 (twajua, maana sisi ndio tulioandika majina yao), wala hata mmoja hakutaja kazi yake, ila mwenzake wa wodi, naye alipewa dakika 2 kwa sababu mvua ilikuwa yaja.

Sisi watoto wake hatukatai kwamba alikuwa na huruma. Twakataa kuambiwa kwamba huruma ndiyo iliyokuwa kazi yake. Twaandika katika karatasi hii ya chama kwa sababu neno hili si la nyumba yetu peke yake.

Baba alikuwa mtu wa genge la njia upande wa Voi. Mwaka 2000 alipooza upande wa kulia, akalala kitandani miaka 2. Mama alikuwa ameacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo, wala hakujua lolote la hospitali. Nesi wa dispensari alimwonyesha mara moja tu jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili ngozi ya mgongo isioze. Tangu siku ile alimgeuza usiku na mchana. Sisi tulishika zamu ya kumlisha uji kwa kijiko na kufua mashuka, na aliyesahau zamu yake hakusahauliwa. Baba alipokufa mwaka 2002 hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni. Yule nesi alikuja kutupa pole, akamwambia mama, "Dada yangu, kazi hii uliyoifanya watu huisomea, nao hulipwa."

Mama hakulijibu neno lile siku ile. Lakini alilishika.

Nyumba ya kazi tukaitoka, tukarudi shambani. Mama akaazima vitabu vya kaka yetu mkubwa, akasoma usiku kwa taa ya chemni, na mwaka 2004 akakaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, mwaka ule ule aliokaa kaka yetu. Biolojia alimpita kaka. Hesabu hatutaisema hapa.

Mwaka ule wa 2004 ndio Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya Serikali kufuta karo ya shule za msingi Januari 2003. Nchi nzima ilimshangilia, na ilikuwa haki kumshangilia. Mzee alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Lakini watu wale wale waliomshangilia Mzee Maruge walimcheka mama yetu. Walisema mjane wa miaka 41 hasomi, atafuta mume wa pili mjini. Tumelifikiri jambo hili miaka mingi, na hivi ndivyo tuonavyo: elimu ya Mzee haikumwogopesha mtu. Elimu ya mama ilikuwa na mshahara ndani yake, na mwanamke anayetafuta mshahara wake mwenyewe hushangiliwa na wachache sana.

Mwaka 2005 alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, kozi ya cheti. Ng'ombe 2 waliuzwa, na baiskeli ya baba ikauzwa, lakini karo haikutimia. Waliotimiza ni watu wa genge la baba. Walichanga shilingi 11,300, nao wakati ule wenyewe walikuwa na madeni dukani. Hakuna aliyewaamuru. Mmoja wao yu hai bado, asiyetaka jina lake liandikwe, alituambia kwamba walikuwa wameanza mchango ule kwa ajili ya nguo nyeusi za mjane, mama akawaomba wauache uwe karo. Chuoni wasichana wa miaka 20 walimwita Nyanya, kisha wakaanza kuja kwake jioni awafundishe kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, jambo alilolijua kuliko mwalimu.

Alianza kazi mwaka 2008, kwanza kwa mkataba, baadaye kazi ya kudumu. Wagonjwa walimwita Sista. Tutasema kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa maana wengi wetu twaingia wodini tukiwa wagonjwa tu, na mgonjwa haoni mengi. Zamu ya usiku yeye peke yake alikuwa na wagonjwa 38. Dawa saa nne, dawa saa kumi, maji ya mshipa ya kutazamwa, mzee wa kugeuzwa, mtoto wa kupimwa joto, kisha ripoti ya usiku iandikwe kabla ya wa asubuhi kufika, na kosa moja katika ripoti ile ni lake. Alfajiri alirudi kwa matatu miguu ikiwa imevimba hata viatu havivuki. Sisi wa reli twajua maana ya zamu. Lakini reli hailii usiku ikikuita kwa jina.

Mshahara wake wa kwanza aliuweka mezani, yaani ile karatasi ya mshahara, akatusomea kila mstari, kodi, bima ya hospitali, mpaka chini. Baadaye makato ya chama cha wauguzi yalipoingia alituonyesha pia, akasema haya ndiyo makato asiyoyasikitikia. Kwa fedha ile wadogo zetu 2 walimaliza shule, na nyumba ikapata mabati. Tazameni basi. Mikono iliyomgeuza baba miaka 2 bila senti ndiyo iliyogeuza wagonjwa wodini, na mapenzi yalikuwa yale yale. Yaliyobadilika ni mawili tu: alikuwa amefundishwa, na alikuwa akilipwa. Na nyumba yetu ikasimama kwa hayo mawili.

Sasa twaja kwenye neno linalotuuma. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa, na sisi wa reli tulijiona watu. Siku 5 baadaye, tarehe 5 Juni, wauguzi wa hospitali za serikali nchini waligoma. Walidai mapatano yao ya pamoja na kaunti yatiwe sahihi na kutimizwa, maana tangu 2013 kazi ya afya ilikuwa imepelekwa kaunti. Mgomo ulikwisha tarehe 2 Novemba. Miezi ile mama hakupata mshahara.

Wagonjwa waliteseka, na wengine walikufa. Hatufichi, wala mama hakuficha. Mgonjwa si behewa la magunia, uliache kituoni mpaka kesho. Lakini aliyemwacha nesi mmoja na wagonjwa 38 usiku mzima kwa miaka, huyo hakuitwa mkatili na mtu. Aliyeitwa mkatili ni nesi. Katika vibanda vya chai tuliwasikia watu, na wenzetu wa reli wakiwamo, wakisema, "Ni mama gani huyo anayeacha watoto wa watu wafe?" Hakuna aliyepata kutuuliza sisi tukigoma, "Ni baba gani huyo?"

Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi Mombasa, wa bandari, wa reli na wengineo. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule na kupelekwa Kabarnet. Leo twalitaja jina lake kwa heshima katika mikutano yetu. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na haki ya kugoma. Haikuandika "isipokuwa akina mama."

Usiku mmoja wa mgomo ule jirani alibisha mlango na mtoto mwenye homa kali, ameanza kutetemeka. Mama alimpokea, akamlaza kwa ubavu mpaka kutetemeka kukakoma, akampa mwenyewe nauli ampeleke hospitali ya misheni. Asubuhi akaketi na mgomo wake kama jana. Tulimwuliza. Alisema, "Jirani si mwajiri wangu." Akaendelea kupura mahindi.

Nchi hii ndiyo iliyomtoa Eunice Muringo Kiereini, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, kuanzia 1981 hata 1985. Kwa hiyo si kwamba hatujui uuguzi ni kazi ya elimu. Twajua, ila siku ya kulipa twageuka tukasema ni wito. Mama alipokufa akiwa bado kazini, mafao yake tuliyafuatilia miezi 14, tukajaza fomu za kila rangi, na katika fomu zote zile hapakuwa na mahali pa kuandika huruma.

Basi katika mkutano ujao wa tawi tutaleta mashauri 2. La kwanza, wauguzi wakigoma tena, tawi liwaandikie barua ya kuwaunga mkono siku ile ile, isomwe kwa wanachama wote, hata kibanda cha chai. La pili, mchango wa msiba wa mwanachama ugawanywe, sehemu moja iwe mazishi na nyingine iwekwe kwa karo ya mjane, akitaka kusoma, hata awe na miaka 41. Mweka hazina ametuambia fedha hazitatosha yote mawili. Twamwomba aje na daftari lake, tuzihesabu pamoja mbele ya wanachama.