Kompyuta Kuwaka Si Hoja

Liko jibu moja ambalo mtu akipita katika ofisi za umma na shule za Tabora hakosi kulisikia. Ukimwuliza mwenye ofisi kama anafahamu kwamba mfumo unaoendesha kompyuta yake umekwisha kuachwa na wale waliouunda, atakutazama kwa mshangao, atabonyeza kitufe, kioo kitawaka, naye atasema: "Mbona bado inafanya kazi?" Kwake yeye mjadala umefungwa. Makala haya yanakusudia kuufungua.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi iliouleta duniani Julai 2015. Wala haikuwa mara ya kwanza. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ndugu walimu na watumishi, tusidanganyane: mashine za mifumo yote hiyo mitatu zingali zinaonekana mezani petu, baadhi yake zikiwa zimetufikia kama misaada baada ya kumaliza kazi yake Ulaya. Ndani yake zimo alama za wanafunzi, kumbukumbu za wagonjwa na orodha za mishahara.

Wazee wa Unyamwezi wangeielewa hatari hii kabla sisi wasomi hatujamaliza kuieleza. Wao waliishi juu ya njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipopambana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa. Ardhi haikubadilika. Miti ilikuwa ile ile, visima vile vile, na mguu wa mpagazi ungeweza kuikanyaga njia kama ulivyoikanyaga mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni nani aliyeishika njia. H. M. Stanley, aliyekuwapo Tabora akielekea kumtafuta Livingstone, alijiunga na upande wa Waarabu, akashuhudia walivyopigwa, kisha akazunguka kwa upande wa kusini. Hakusimama kubishana kwamba mbona njia bado ipo. (Mirambo simfananishi na wezi wa mitandao, la hasha. Yeye alikuwa akidai haki ya mtawala katika nchi yake mwenyewe. Ninachotaka kionekane ni ile njia.)

Sasa, hayo marekebisho tunayoambiwa yamekoma ni kitu gani hasa? Mtu aende Kwihara, nje kidogo ya mji, akalitazame tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Linalosimama leo ni lile lililojengwa upya, na sababu inajulikana kwa kila aliyezaliwa katika nyumba ya udongo: tembe halidumu kwa kujengwa mara moja. Kila masika hulega mahali fulani, na kila baada ya masika mwenyewe hukanda udongo akaziba. Mfumo endeshi nao ni jengo la mamilioni ya mistari ya maagizo yaliyoandikwa na wanadamu, na wanadamu hukosea. Nyufa hugunduliwa kila wiki. Kampuni ile huzikusanya na kutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mfumo ukiachwa, nyufa hazikomi kugunduliwa. Kinachokoma ni udongo wa kuziba.

Liko jambo baya zaidi ambalo wengi hawalifikirii. Mfumo mpya wa Windows 11 umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi ule ule wa Windows 10. Kiraka kinapotolewa kwa ajili ya mfumo mpya, wahalifu hukichukua, wakakilinganisha na hali iliyokuwapo kabla yake, wakagundua ni ukuta gani ulikuwa umepasuka. Kisha hurudi kwenye mfumo wa zamani kuutazama ukuta huo huo, wakijua kwamba ukiwa na ufa hakuna atakayekuja kuuziba. Kwa hiyo kila mwezi unaopita mwizi huongezewa ramani. Mashine iliyoachwa haibaki pale ilipokuwa siku ya kuachwa.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya wauzaji. Basi wakumbuke tarehe 12 Mei 2017. Siku ile programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ilisambaa katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali za umma zilifuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kiraka cha kuzuia balaa hilo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka ule ule, yaani karibu miezi miwili kabla. Nyingi ya mashine zilizonaswa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inatunzwa. Wenyewe tu hawakuweka kiraka. Ikiwa wale waliokuwa na dawa mkononi waliumia kwa uzembe wa kutoinywa, itakuwaje kwa yule ambaye dawa yenyewe haitengenezwi tena?

Sitaki hata hivyo kuwatukana wenzangu wa maofisini, kwa kuwa kosa lao lina historia. Tabora ndiyo iliyokuwa na Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Mahazili wengi wa Serikali walijifunza hapo kupiga taipureta. Taipureta ilikuwa chombo cha heshima: ukiifuta vumbi, ukaitia mafuta na kubadilisha utepe, ilikutumikia hadi unastaafu, na hakuna mtu wa bara jingine aliyeweza kuingia ndani yake usiku akasoma barua ya siri. Tulipopewa kompyuta tuliiweka juu ya meza ile ile na kuirithisha fikra zile zile. Tuliipokea kama taipureta yenye kioo. Kasumba hiyo ndiyo inayotuponza, maana kompyuta iliyounganishwa na mtandao ni nyumba yenye mlango katika kila mji wa dunia.

Katika shule moja ya sekondari mkoani humu, ambayo sitaitaja, niliona matokeo yake kwa macho yangu. Mwalimu wa taaluma aliwasha mashine asubuhi, mashine ya Windows 7 iliyopokelewa kwa ngoma na hotuba, akakuta mafaili yote ya alama yamebadilishwa majina na hayafunguki. Badala yake palikuwa na barua ya Kiingereza ikidai malipo. Aliyeileta hakujulikana, huenda ni mtandao, huenda ni moja ya flashi zilizokuwa zikizunguka kutoka steshenari hadi ofisini. Programu ya kuzuia virusi ilikuwamo, tena ikionyesha alama ya kijani. Ni sawa na kumweka mlinzi mlangoni ilhali ukuta wa nyuma umeanguka. Kilichowaokoa wanafunzi ni madaftari ya walimu. Kwa majuma matatu walimu walikesha wakinakili upya alama za madarasa manne. Niliwauliza waliilipwa nini kwa kazi ile. Walicheka.

Nikigeuka upande wa pili, yuko mtu mwingine ambaye naye hanipendezi: yule anayekuja na orodha ya bei na kusema tutupe kila kitu tununue kipya. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na inakataa prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2018. Maana yake ni kwamba mashine nzima, yenye kioo safi na diski nzuri, inahukumiwa kuwa takataka kwa amri iliyoandikwa ng'ambo. Kwa asiyeweza kununua, kampuni iliweka njia ya kulipia viraka vya ziada. Kwa taasisi bei ilikuwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha inakuwa maradufu kila mwaka, kwa miaka 3 isiyozidi. Piga hesabu: ni dola 427 kwa mashine moja. Ofisi yenye mashine 40 itatoa dola 17,080, na mwisho wake ibaki na mashine zile zile. Hongo ya Ugogo ililalamikiwa na kila msafara, lakini sijasoma popote kwamba msafara uliolipa hongo ulifukiwa kisima baada ya safari ya tatu.

Lakini haki itendeke. Shule zenye mkataba wa leseni na kampuni hiyo ziliwekewa dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Hiyo ni bei ya chaki. Mkuu wa shule mwenye mkataba ambaye hajauliza habari hii anastahili kuulizwa yeye. Tabu ni kwamba nyingi ya mashine zinazopita kwa mafundi wa mitaani huwekewa nakala zisizo na leseni, na mwenye nakala ya wizi hana wa kumdai chochote. Aidha, inafaa tuone kilichotokea Ulaya. Septemba 2025, baada ya vyama vya walaji kupiga kelele, kampuni ilikubali kuwapa watu binafsi wa eneo la uchumi la Ulaya viraka vya mwaka mmoja bila malipo na bila baadhi ya masharti waliyowekewa wengine. Walipata kwa kuwa walidai. Je, sisi tulidai kwa sauti gani?

Njia ya tatu ipo, na nchi hii si mgeni kwayo. Mifumo ya Linux haina bei ya leseni, huendesha vizuri mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa, na matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu hupewa viraka vya kawaida kwa miaka 5. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maelekezo ya Kiswahili. Ni watumishi wangapi leo wanaokumbuka hata jina lake? Tuliwahi pia kwenda ukingo mwingine: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi hulicheka agizo lile. Mimi nacheka kidogo tu, kwa kuwa waliotoa agizo walikuwa wameuliza swali la maana, nalo ni nani atakayekitunza chombo hiki na kwa gharama ya nani. Jibu lao halikufaa. Swali lilikuwa sahihi, nasi tuliporuhusu tena kompyuta tulilisahau langoni.

Basi kila mkuu wa ofisi aanze kwa kujua alichonacho: mashine ngapi, za mfumo gani, na kila moja ina nini ndani. Inayoweza kupanda Windows 11 ipandishwe. Isiyoweza iwekewe Linux, na fundi alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa fundi wa gari. Ile ambayo lazima ibaki na mfumo wa zamani, kwa sababu ya programu isiyoendeshwa kwingine, ing'olewe katika mtandao, flashi za mitaani zisiiguse, na kazi ya fedha isifanyiwe humo kabisa. Nakala za mafaili ziwekwe katika diski isiyoachwa imechomekwa. Na anayedhani huu ni ushauri wa hiari asome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023: anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Alama za mtoto wa mkulima wa Sikonge si mali ya mwalimu mkuu hata aamue peke yake kuziacha katika tembe lililobomoka.

Bajeti za halmashauri huandaliwa kabla ya Julai. Kifungu cha matairi hakisahauliwi hata mwaka mmoja. Cha kutunza kompyuta nimekitafuta katika ofisi mbili nilizozitembelea, na nikaelekezwa kwenye "mengineyo".

Yule mwalimu wa taaluma hakungoja kifungu. Mashine yake ya alama sasa ina Ubuntu na haina waya wa mtandao. Kila Ijumaa hunakili alama katika diski mbili, moja huifungia kabatini kwake na nyingine huikabidhi kwa mhasibu aiweke kasikini. Daftari bado analo.