Mashuhuri na Watoe Visa Vyao

Mwaka 1976 mchapishaji wa mji wa Cirencester, Uingereza, aitwaye Christian Brann, alitoa kitabu kiitwacho Pass the Port, alichokijaza visa vya kuchekesha ambavyo watu mashuhuri wa nchi ile huvisimulia baada ya karamu, kikauzwa kwa faida ya Oxfam, shirika lililoasisiwa Oxford mwaka 1942 kwa sababu ya njaa iliyowakumba Wagiriki wakati wa vita. Watu walikipenda, na mwaka 1980 kikafuatwa na cha pili.

Hila yenyewe ni nyepesi. Mwenye jina hupelekewa barua, wala haombwi fedha, maana fedha huombwa kila siku na amekwisha jifunza namna ya kukataa kwa adabu. Huombwa kisa kimoja tu, naye, ambaye huenda mkoba wake ni mzito kufunguka, huona haya kukiri kwamba hana la kuchekesha, akaketi akaandika. Msomaji hununua kwa ajili ya jina na hucheka kwa ajili ya kisa, na fukara asiyemjua hata mmoja wao husaidiwa bila ya kutembezwa mbele ya macho ya watu.

Hapo ndipo penye fadhila kubwa ya jambo hili. Mtu mashuhuri atakaye kuomba kwa niaba ya maskini hana budi kutumia hadhi ya mtu, ama yake mwenyewe, ama ya yule maskini. Jaji anayesimulia jinsi usingizi ulivyomchukua kitini wakili akiwa katikati ya hoja, au mwimbaji anayekiri kwamba mshono wa kanzu ulimfumkia jukwaani akamaliza wimbo amejibana ukutani, ametoa katika hadhi yake. Lakini yule apigaye magoti kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, kamera ikimngoja atoe chozi, ametoa katika hadhi ya mtoto, ambaye hakuulizwa.

Waingereza wamezijaribu njia zote mbili chini ya paa moja. Shirika la Comic Relief lilianzishwa mwaka 1985, njaa ilipokuwa ikiwaangamiza Wahabeshi, na mwandishi wa vichekesho Richard Curtis pamoja na mchekeshaji Lenny Henry. Na tangu mwaka 1988 watu wazima wenye vyeo vyao wamekubali kuvaa pua nyekundu ili majirani wawacheke na kutoa. Mwezi Machi 2009 mashuhuri tisa walipanda Kilimanjaro kwa ajili ya vyandarua vya mbu, wakatweta na kutapika mbele ya taifa zima, na zaidi ya pauni milioni 3 zikapatikana. Nami nawapa heshima yao, ijapokuwa mizigo ilibebwa na wapagazi wa huku kwetu. Walakini katikati ya masihara hayo zilikuwa zikiingizwa filamu za majonzi kutoka Afrika, hata mwaka 2019 mtangazaji Stacey Dooley alipotangaza picha yake amempakata mtoto wa Uganda, mbunge David Lammy akalaumu hadharani, na mwaka uliofuata shirika likasema halitapeleka tena mashuhuri Afrika kwa filamu za namna hiyo. Uamuzi ule ulikuwa wa insafu, nao ulichelewa.

Nasikia mtu akinong'ona kwamba kuchekesha kwa ajili ya wenye dhiki ni utovu wa murua. Aliyehudhuria mazishi ya Mzaramo penye watani Wanyamwezi hawezi kusema hivyo, kwa kuwa amekwisha waona wakiigiza mwendo wa marehemu na kikohozi chake, na pengine mmoja akijilaza kaburini na kuapa hatoki mpaka atiwe chochote mkononi, na wafiwa, huku machozi hayajakauka, wakicheka na kutafuta sarafu mifukoni. Ni kweli kwamba sarafu hizo humwishia mtani mwenyewe.

Kwetu basi kitabu cha namna hii kingefaa mno, kwa sharti la mambo mawili. Kwanza, kisa kimcheke msimulizi wake na kisimcheke mtumishi wake, wala kilema, wala mtu wa kabila asiye mtani wake. Na kiwe kisa chake kweli, maana wakubwa wana tabia ya kumwachia karani kazi hizi, na karani huokota kichekesho kilichokwisha simuliwa katika kila harusi kutoka Lamu hadi Kilwa. La pili ni hesabu. Fedha ya sadaka ni amana, na mnunuzi ana haki ya kusoma katika ukurasa wa mwisho kwamba nakala kadhaa ziliuzwa, kiasi kadhaa kilikwenda kwa mpiga chapa, na kilichosalia kilipokewa na hospitali fulani tarehe fulani.

Wachapishaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanazo anwani za mawaziri, wachezaji, waimbaji wa taarabu na masheha. Na waandike barua hizo mwezi huu, wapange bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi ataimudu, na yeyote atakayejibu kwamba hajapata kuchekesha maishani mwake, basi jibu lake na lichapwe vivyo hivyo pamoja na jina lake.