Daftari la wiki: Vakansi, watoto wote nyumbani

Masomo yamefungwa hadi Septemba, na hapa Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, hakuna ua usiokuwa na watoto wa kila kimo. Ukiniuliza mtoto fulani ana umri gani, nitakujibu kwa kukuambia anaruhusiwa kufika wapi peke yake. Wa miaka minne hufika kwa jirani. Wa minane hufika bombani. Wa kumi na sita anataka Bujumbura, na ndiye anayetunyima usingizi.

*

Tuanze na wa mgongoni, ambaye haendi popote ila anaanza kudaiwa karatasi. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto mchanga bila malipo. Katika nyumba nyingi siku hizo huishia kwenye ubishi: koko wa upande wa baba analeta jina la marehemu kaka yake, upande wa mama nao wana lao, papa yuko safarini, na mama ana mambo mengine ya kufikiria, kama kulala. Siku ya 91 njia inapita mahakamani, na mahakama ina gharama zake. Ushauri wangu kwa mabibi na mababu: mgombanieni mtoto mnavyotaka, lakini kwanza aandikwe.

*

Ziwa nalo liko vakansi. Tangu nchi nne zinazolizunguka Tanganyika zilipokubaliana kulipumzisha, uvuvi unafungwa toka 15 Mei hadi 15 Agosti. Kila mtu anazungumzia bei ya ndagala, na ana haki, maana uji wa mtoto usiotiwa unga wa ndagala ni maji yenye rangi. Ila kuna jambo lingine halizungumzwi. Mvuvi wa ndagala hufanya kazi usiku, kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu tena ya kuwavuta samaki. Kwa hiyo mwanawe humpata vizuri siku za mbalamwezi tu. Siku nyingine huamka na kumkuta baba amelala, akaambiwa asipige kelele. Miezi hii mitatu papa yupo mezani, anauliza nani kapasua sahani. Mama mmoja wa Kalundu aliniambia, "Mfuko mtupu, nyumba imejaa. Mdogo sasa hakubali kulishwa na mtu mwingine ila yeye. Tarehe 16 nitamwambia nini?"

*

Mto Mulongwe wakati huu wa kiangazi ni mawe na mkondo mwembamba, na vijana wa miaka kumi wameugeuza uwanja wa mpira. Mawe mawili ndiyo goli. Sisi wakubwa tukipita pale hatuoni goli. Tunaona usiku wa Aprili 2020, mto huuhuu uliposhuka toka milimani ukabeba nyumba na watu. Wengi wa wachezaji hawa hawakumbuki lolote. Mvua zikirudi tutawafukuza pale bila huruma. Kwa sasa nawaacha, na juzi nilisimama nikaangalia hadi mwisho wa mchezo.

*

Bidoni ya lita tano ni ya wa miaka saba. Ya lita ishirini ni ya yaya wake. Kwenye foleni ya bomba ndiko wanakojifunza nyimbo, matusi, na habari za nyumba zetu ambazo tulidhani hazijatoka nje. Bomba likikauka, ziwa liko karibu, na hapo ndipo hofu inapoanza. Kolera imekaa na sisi tangu mwisho wa miaka ya 1970, na vaksini iliyotolewa mjini mwaka 2020 haikuondoa haja ya sabuni. Mtoto anayetumwa maji amefikia umri wa kujua hesabu hii: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa, si vya kurundika. Anywe mgonjwa huku akipelekwa hospitalini. Nimemsikia msichana wa darasa la nne akiwafundisha wadogo zake kwa wimbo wa kuruka kamba. Wamekosea sauti, vipimo wamepatia.

*

Kuna hesabu nyingine. Mwaka 2025 watu wa huku walikimbia vita wakavuka kwenda Burundi mara mbili, Februari na tena Desemba, na katika msongamano ule mkono wa mtoto ulikuwa rahisi kuponyoka. Tangu hapo wazazi wengi wanawafundisha watoto majina kamili ya baba na mama, mtaa, na namba ya simu. "Mama" si jina linalosaidia kumtafuta mtu. Tunafundisha kama mchezo, wakati wa kuoga, ili mtoto asijue sababu. Wa miaka sita anajua sababu.

*

Wakubwa wanasubiri majibu ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Matokeo yakitoka mtaa mzima hupakwa poda, kuanzia kichwani mwa aliyefaulu hadi kwa mpita njia asiyehusika. Baada ya poda kuoshwa, maswali hubaki palepale. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 iliishia shule ya msingi, hivyo diploma ile ina jasho la mama muuza mihogo ndani yake, na chuo kikuu kitataka jingine. Kijana anasema Bukavu au Bujumbura. Mzazi anauliza, "Utakula kwa nani?" Kijana anasikia kwamba amekataliwa. Mzazi alikuwa ameanza kupiga hesabu ya nauli.

*

Tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi: asubuhi tunafyeka makaburi ya waliotuzaa, alasiri tunakaa kwenye viti kusubiri kupongezwa na tuliowazaa. Mwaka huu wangu wa miaka kumi aliomba aende sokoni peke yake kununua zawadi, kwa pesa yangu. Ni mbali kuliko alivyowahi kufika bila mtu. Nilimruhusu, kisha nikaketi mlangoni nikijifanya nasoma. Alirudi na kipande cha sabuni na biskuti mbili, moja imeshaumwa. Nimemshukuru mbele ya watu wote. Chenji bado namdai.