Nuru ya Ukumbini ni Haki ya Bondia

Mhariri apokeapo kutoka Ifakara picha ya pambano la ngumi lililopiganwa ukumbini usiku, aghalabu huiweka kando kwa kuwa ngumi imegeuka ukungu na uso wa bondia umekuwa wa kijani, kisha lawama yote humwangukia mpiga picha, akaambiwa hajui kazi au kamera yake ni duni. Hukumu hiyo haina insafu. Lawama ielekezwe darini, zilikotundikwa taa.

Ngumi haigandi pichani ila kilango cha kamera kifunguke na kufumba kwa muda usiozidi sehemu ya 500 ya sekunde, na katika muda huo nuru ipitayo ni haba mno. Basi mpiga picha hana budi kulipanua tundu la lenzi hadi f/2.8, na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, hadi 3200 au 6400, hali akijua kuwa chembechembe zitatapakaa pichani. Hayo yote angeyastahimili lau taa zenyewe zingetulia. Walakini umeme wetu una mizunguko 50 kila sekunde, na taa za tyubu za kale, pamoja na nyingi za LED za bei rahisi, hupepesa mara 100 katika sekunde hiyo hiyo. Jicho halitambui, ila kamera hutambua, kwani picha moja hudaka kilele cha nuru, na ile iifuatayo papo hapo hudaka upungufu wake, ikatoka na giza na rangi nyingine kabisa. Akishuka hadi sehemu ya 100 ya sekunde ili aikwepe pepesa hiyo, ngumi hurudi kuwa ukungu.

Wako wasemao atumie flashi, na ni kweli kwamba Harold Edgerton wa Marekani alidhihirisha tangu miaka ya 1930 jinsi mmweko mfupi uwezavyo kugandisha hata tone la maziwa lirukalo. Lakini kummulika usoni bondia ambaye usalama wake umo katika macho yake ni dhuluma, tena mmweko huo huififisha hali yote ya ukumbi nyuma yake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba bonde la Kilombero, uliko mji wa Ifakara, ndiko kiliko kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1975, na kile cha Kihansi chenye megawati 180 hakiko mbali. Nchi nzima imenufaika na maji ya milima ya huko, ilhali vijana wa bondeni hupigana katika utusitusi. Mkoa wa Morogoro umekwisha kumtoa bondia Francis Cheka, aliyetwaa ubingwa wa shirikisho la ngumi la WBF mwaka 2013, na wale wenye shauku ya kumfuata wanahitaji picha safi, kwa kuwa promota wa mbali humthamini amwonaye.

Kwa hiyo nawasihi wenye kumbi watundike juu ya ulingo taa zisizopepesa, na palipo na umeme wa njia tatu, tyubu zilizo jirani zigawanywe katika njia hizo, ili moja ififiapo nyingine iwe inawaka; fundi yeyote wa umeme aliyehitimu ataiweza kazi hiyo. Na hadi hapo itakapofanyika, wahariri waipokee picha yenye chembechembe, maadamu ngumi imeonekana ilipotua.